KIKOHOZI CHA SIKU MIA: Historia ya kifaduro na kadi ya mwanao

SEHEMU YA 1: Swali ambalo sikuuliza

Mnaonifuata mnajua huwa naandika nikishatoka zamu, chai ya rangi pembeni. Leo naanza mfululizo wa sehemu sita kuhusu ugonjwa mmoja tu, kifaduro. Soma taratibu. Kama nyumbani una mtoto mdogo, itafute kadi yake ya kliniki uiweke karibu. Tutaifungua pamoja sehemu ya mwisho.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku katika hospitali moja. Ilikuwa mwezi wa saba, na mnaijua baridi ya Ufipa ya mwezi huo, inaingia hadi kwenye mifupa. Akaja mama mmoja kutoka huku huku Majengo, kambeba mtoto wa wiki tano. Akasema, "Sista, mwanangu kuna muda anaacha kupumua."

Nikamwangalia mtoto. Hana homa, kalala, anapumua vizuri. Nikasikiliza kifua, hakuna kitu. Nikamjibu kwa ile sauti yetu ya saa nane za usiku: "Mama, haya ni mafua, baridi imezidi. Mfunike vizuri, daktari anakuja."

Pembeni yake alisimama kaka wa huyo mtoto, kama miaka minne hivi, kavaa sweta la shule la mtu mwingine. Akaanza kukohoa. Alikohoa mfululizo, kimoja juu ya kingine, bila nafasi ya kuvuta hewa, mpaka uso ukaiva na macho yakajaa machozi. Mwisho akavuta pumzi kwa mlio mrefu, mwembamba, kama jogoo mdogo anayejifunza kuwika. Halafu akatapika sakafuni.

Nilikasirika kwa ajili ya sakafu. Nakiri hilo mbele yenu. Nikaenda kuchukua dekio, sikumuuliza mama kijana amekohoa tangu lini.

Dakika chache baadaye yule mchanga akabadilika rangi mikononi mwa mama yake. Hakukohoa wala kulia, alinyamaza tu. Tukakimbia naye, tukampulizia hewa kwa mfuko, tukamweka kwenye oksijeni. Alipona. Nasema mapema ili usisome ukiwa na roho juu. Lakini alikaa wodini wiki tatu, na zile usiku za kwanza mama yake hakulala hata lepe.

Daktari alipofika aliuliza lile swali nililoliruka. Mama akajibu, "Huyu mkubwa? Hii ni wiki ya nne." Na kadi yake ya chanjo? Ilikuwa na sindano moja ya Penta, basi. Familia ilihama kutoka bondeni, shughuli zikawa nyingi, na mama alisikia kwamba kifaduro ni ugonjwa wa zamani.

Daktari aliandika kifaduro. Kipimo cha maabara cha kuthibitisha hatukuwa nacho, alitumia masikio yake na maswali. Tangu usiku ule nimekuwa nikisoma habari za ugonjwa huu kila nikipata nafasi. Haya ndiyo niliyoyakuta.

SEHEMU YA 2: Kabla mdudu hajajulikana

Tuendelee. Kwanza tujue tunazungumzia nini.

Kifaduro kinaanza kama mafua ya kawaida: kamasi, chafya, kikohozi kidogo. Hiyo ni wiki ya kwanza hadi ya pili, na ndipo kinapoambukiza sana, wakati wewe unadhani ni baridi tu. Kisha inakuja ile kukohoa kwa mfululizo, mlio na kutapika, ambayo inaweza kuendelea wiki sita na zaidi. Wachina walikiita kikohozi cha siku mia, na hawakutia chumvi.

Wadudu wake hujishikiza kwenye vinyweleo vidogo vya njia ya hewa, vile vinavyofagia makohozi kwenda nje, na hutoa sumu inayoviharibu. Ndiyo maana ukianza dawa kwa kuchelewa, kikohozi kinaendelea. Antibiotiki kama erithromaisini au azithromaisini huua mdudu na kupunguza kuambukiza wengine, lakini sumu imeshafanya kazi yake. Inabidi mwili ujijenge upya.

Mtoto wa chini ya miezi sita mara nyingi hana nguvu ya kutoa ule mlio. Yeye huacha kupumua tu. Hilo nilikuwa nimefundishwa chuoni, nikaliandika na kwenye mtihani. Usiku ule halikunijia.

Ugonjwa wenyewe ni wa siku nyingi. Mganga wa Kifaransa, Guillaume de Baillou, alieleza mlipuko uliowapata watoto wa Paris mwaka 1578. Lakini kwa zaidi ya miaka 300 baada ya hapo hakuna aliyejua unasababishwa na nini.

Sasa njoo nyumbani. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, tabibu aliyeitwa Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta. Alitibu watu wa ukanda huu hadi alipofariki mwaka 1956. Hapa Sumbawanga kuna hospitali yenye jina lake, wengi mmezaliwa pale.

Hebu fikiria. Atiman alipoanza kazi, mdudu wa kifaduro alikuwa bado hajagunduliwa. Mama akimletea mtoto anayekohoa hadi kubadilika rangi, hakuna antibiotiki, hakuna oksijeni, hakuna chanjo. Kwa miaka mingi tabibu yeyote duniani, wa Karema au wa Paris, kwa ugonjwa huu walikuwa sawa: wakae na mama, wamshike mtoto, wasubiri.

Mwaka 1906, Brussels, Wabelgiji wawili, Jules Bordet na Octave Gengou, walifanikiwa kumwotesha mdudu huyo maabara. Unajua walimlisha nini? Chakula cha viazi na damu. Leo mdudu huyo anaitwa Bordetella pertussis, kwa jina la Bordet. Ukishampata mwizi kwa sura, unaweza kufikiria kumwekea mlango. Kesho nitawaeleza mlango ulivyotengenezwa.

SEHEMU YA 3: Walimu wawili na taa ya mafuta

Majaribio ya mwanzo ya chanjo yalifanyika sehemu nyingi, mengine mazuri, mengine ya kubahatisha. Lililonivutia ni la visiwa vya Faroe, kule kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, ambako Thorvald Madsen wa Denmark alipeleka chanjo wakati wa milipuko miwili, wa 1923 hadi 1924 na wa 1929. Ukijumlisha milipuko yote miwili, waliochanjwa walikuwa 3,926, wakafa 6. Wasiochanjwa walikuwa 1,073, wakafa 26. Chukua kalamu upige hesabu. Kwa wasiochanjwa ni kifo kimoja katika kila watu kama 41. Kwa waliochanjwa, kimoja katika watu zaidi ya 650.

Sasa twende Marekani, mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan. Mwaka 1932 kifaduro kililipuka pale. Wanawake wawili, Pearl Kendrick na Grace Eldering, walikuwa wafanyakazi wa maabara ya serikali ya jimbo. Kabla ya hapo wote wawili walikuwa walimu wa shule, na wote wawili waliugua kifaduro utotoni. Kazi yao rasmi ilikuwa kupima maji na maziwa. Kifaduro walikifanya baada ya saa za kazi.

Ulikuwa wakati wa uchumi kuanguka, baba hawana ajira, nyumba nyingi ni za kimaskini. Jioni walibeba visahani vyenye kile chakula cha mdudu, wakapita nyumba kwa nyumba. Wanamwambia mtoto akohoe juu ya kisahani. Nyumba nyingine mwanga ni wa taa ya mafuta tu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana niliona kama wanaandika habari za sisi tunaotoka kwenda vijijini kwa mkoba.

Vile visahani viliwasaidia kujua mtoto anaambukiza kwa muda gani. Kisha wakatengeneza chanjo ya mdudu aliyeuawa, na mwaka 1934 wakaanza kuijaribu kwa uangalifu: kundi la waliochanjwa na kundi la kulinganisha. Katika taarifa yao ya mwanzo, waliochanjwa 712 waliugua 4 tu, tena kidogo. Wasiochanjwa 880 waliugua 45. Pesa zilipowaishia walimwalika mke wa rais, Eleanor Roosevelt, akaja kuona maabara mwaka 1936, na msaada ukapatikana.

Baadaye alijiunga nao Loney Gordon, mwanamke mweusi mwenye elimu ya kemia. Alikuwa amenyimwa kazi ya lishe kwa hoja kwamba wapishi wazungu wasingekubali kuongozwa na mwanamke mweusi. Akaingia maabara, akakagua maelfu ya visahani, akasaidia kumpata mdudu aliyefaa kutengenezea chanjo yenye nguvu zaidi. Chanjo hiyo ikaunganishwa na za dondakoo na pepopunda katika sindano moja, ile mama zetu walioijua kwa jina la DPT.

SEHEMU YA 4: Ilivyofika kwetu

Chanjo ilikuwepo Ulaya na Marekani tangu miaka ya 1940. Kwetu ilichelewa sana kumfikia mtoto wa kijijini.

Miaka ya 1970, Machakos nchini Kenya, watafiti walifuatilia eneo la vijijini lenye watu kama 24,000. Wahudumu walizitembelea nyumba kila wiki mbili, wakiuliza nani anakohoa, nani ana vipele, nani amezaliwa, nani amefariki. Walifuatilia surua na kifaduro kwa njia hiyo, wakaijaribu na chanjo ya kifaduro kwenye mazingira hayo hayo. Kwa hiyo mtu akikuambia chanjo hii imejaribiwa kwa Wazungu peke yao, mtajie Machakos.

Mwaka 1974 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kupanua chanjo kwa nchi zote: kifua kikuu, dondakoo, pepopunda, kifaduro, polio na surua. Tanzania ikaanza mpango wake mwaka 1975. Kumbuka ilikuwa miaka gani: vijiji vinapangwa upya, zahanati zinajengwa, barabara za huku kwetu ni tope. Chanjo inataka kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na kijijini umeme hakuna. Kazi hiyo ilifanywa na majokofu ya mafuta ya taa. Kosa la pili watu hawalijui: chanjo ya kifaduro ikiganda inaharibika. Hata kwenye baridi ya Ufipa tunailinda isipate joto na isigande.

Mwaka 2009 DPT ikawa ndani ya Penta, sindano moja kwa magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta kichomi na homa ya uti wa mgongo.

Bibi yangu wa Laela aliniambia habari ambayo sitaisahau. Nilimuuliza kama enzi zao akina mama walisumbua kuleta watoto kuchanjwa. Akanishangaa. "Mwanangu, tuliamka usiku. Tulikuwa tunaijua ile sauti." Akanieleza kikohozi kilivyoingia kwenye ua, watoto wote wakakohoa msimu mzima. Wengine walitafutiwa maziwa ya punda, wengine mizizi, wengine walisema ni mkono wa mtu. Yeye alizika mmoja, wa miezi miwili. Hakunitajia jina lake, alisema tu "yule niliyemfuatisha baba yako".

Jina la mji wetu wenyewe linatafsiriwa "tupa uchawi". Bibi hakusubiri mtu amshawishi kwa kipaza sauti. Alishaisikia ile sauti, na alipoambiwa kuna sindano, aliweka mtoto mgongoni akatembea.

SEHEMU YA 5: Waliosahau

Hapa ndipo penye uchungu wa historia yote. Chanjo ikifanya kazi vizuri, ile sauti inapotea. Sauti ikipotea, mama kijana anaona sindano na homa ya usiku mmoja, haoni ugonjwa. Anaanza kuuliza, "Ya nini?" Swali ni halali. Tuangalie wengine walilijibuje.

JAPANI. Kufikia mwaka 1974 watoto wengi walikuwa wanachanjwa, na kifaduro kilikuwa kimebaki kidogo sana. Kisha watoto wawili wakafariki muda mfupi baada ya kuchomwa. Taharuki. Mwaka 1975 chanjo ikasimamishwa kwa muda, na iliporudi watu walikuwa wameshaikimbia. Uchanjaji ukaporomoka kutoka kama asilimia 80 hadi kama asilimia 10. Mwaka 1979 wakapata wagonjwa zaidi ya 13,000 na vifo 41.

UINGEREZA. Mwaka 1974 madaktari waliandika kuhusu watoto 36 waliopata matatizo ya ubongo, wakahofia ni chanjo. Magazeti na televisheni wakaibeba. Uchanjaji ukashuka hadi karibu theluthi moja ya watoto. Wimbi la 1977 hadi 1979 peke yake lilileta wagonjwa zaidi ya 100,000.

Je, wale wazazi walikuwa wajinga? Hapana. Waliogopa, na mtoto ni wako. Lakini miaka mingi baadaye, mwaka 2006, watafiti wakiongozwa na Samuel Berkovic wa Australia waliwapima watu 14 ambao ugonjwa wao wa ubongo ulidhaniwa umeletwa na chanjo ya kifaduro. Watu 11 kati yao walikutwa na hitilafu kwenye jeni inayoleta degedege kali. Tatizo lilikuwa ndani yao kabla ya sindano. Homa ya chanjo huenda ilifichua mapema kitu ambacho kingejitokeza tu.

Niwe mkweli kwenu pia. Chanjo hii si ya maisha. Kinga yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na hata aliyeugua kifaduro anaweza kuugua tena. Nchi nyingi tajiri zilihamia kwenye aina mpya isiyoleta homa sana, na kinga yake hupungua haraka zaidi. Sisi kwenye Penta bado tuna ile ya mdudu mzima, ndiyo maana mtoto anaweza kuchemka usiku wa kwanza. Mwaka 2012 Marekani iliandikisha wagonjwa zaidi ya 48,000. Mwaka 2024, baada ya miaka ya korona ambapo watu walikosa kliniki na wadudu wakatulia kidogo, Uingereza yenyewe ilipata karibu wagonjwa 15,000 waliothibitishwa, na watoto wachanga 11 wakafariki.

Nchi ina mashine zote, ina maabara kila kona, na bado mchanga anakufa kwa kikohozi. Hao wachanga ndio habari ya kesho.

SEHEMU YA 6: Fungua kadi

Haya, chukua ile kadi.

Tafuta mstari wa Penta. Kuna vyumba vitatu: wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14. Viko na tarehe vyote?

Sasa nisikilize vizuri. Kabla ya wiki ya 6, mtoto hana sindano hata moja ya kifaduro. Kuna nchi zinamchanja mama mjamzito ili ampe mtoto kinga tumboni. Uingereza ilianza hivyo Oktoba 2012. Sindano ya pepopunda anayochomwa mjamzito kliniki zetu ni nzuri, inaokoa, ila haina kifaduro ndani yake. Kwa hiyo mchanga wa wiki mbili, nne, tano, anategemea kitu kimoja: kwamba waliomzunguka hawana cha kumpa.

Kaka yake. Watoto wa mpangaji wa chumba cha pili. Mtoto wa jirani anayekuja kumchungulia na kumbusu.

Kwa hiyo ule mstari wa Penta unamlinda mwanao, na unamlinda pia mtoto ambaye hata hujamwona, pengine amezaliwa jana nyumba ya tatu kutoka kwako. Yule kijana wa sweta usiku ule hakuwa na kosa lolote. Alikosa sindano mbili, na aliyelipa ni mdogo wake.

Msidhani haya ni mambo ya Japani peke yake. Mwaka 2023 polio ilionekana hapa hapa Rukwa, ile aina inayozunguka mahali penye watoto wengi wasiochanjwa, na Septemba tukapita nyumba kwa nyumba na matone. Mnakumbuka tulivyobisha hodi kwenu. Kila mtu alijua polio imekwisha.

Ninachokuomba ni hiki:

Kama chumba kimoja kiko wazi, mlete mtoto. Hata amechelewa. Hatuanzi upya, tunaendelea pale alipoishia. Kadi ikipotea, njoo hivyo hivyo, tutatafuta kwenye rejista. Na nesi akikugombeza kwa kuchelewa, mvumilie, kisha umwambie mimi nimekutuma.

Homa ya usiku wa chanjo: mnyonyeshe mara nyingi, mpunguzie nguo, uliza kituoni dozi ya parasetamo ya uzito wake. Homa ikizidi siku mbili au mtoto akipata degedege, njoo mara moja.

Mtoto akikohoa zaidi ya wiki mbili, au anakohoa mpaka anatapika, mlete, na mweke mbali na mchanga. Ukiwa mtu mzima mwenye kikohozi kisichoisha, usimpakate mchanga wa mtu.

Mchanga akiacha kupumua hata mara moja, hata akirudi sawa, hiyo ni hospitali usiku huo huo. Akikuambia mtu "ni mafua tu", hata kama ni mimi, sema: "Sista, kuna mtu nyumbani anakohoa wiki ya nne." Sentensi hiyo itatufanya tuamke.

Yule mchanga wa usiku ule sasa anakimbia. Nilikutana na mama yake sokoni msimu uliopita, ananunua maharage. Alinikumbuka kabla mimi sijamkumbuka. Nilimwomba msamaha pale pale katikati ya watu. Akacheka, akasema, "Sista, yalishapita." Halafu akafungua pochi, akatoa kadi mbili zilizokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Ya mkubwa na ya mdogo.

Vyumba vyote vina tarehe.

Naingia zamu. Kama umeshaifungua kadi na umeona nafasi tupu, usiniandikie mimi, kliniki iko wazi kesho asubuhi.